Koti la Zamu

Koti lile alilishona fundi mwenyewe, katika chumba kilekile ambamo sasa lilikuwa linaning'inia. Mwalimu ndiye aliyemweleza namna alivyolitaka: lisiwe na mifuko, lisiwe na vifungo, lisiwe la kiume wala la kike, na limwenee kila mtu, mnene kwa mwembamba. Kofia yake iwe ndefu, ishuke mpaka kidevuni.

"Mtu akilivaa asijulikane," Mwalimu alisema. "Hata mama yake mzazi asimjue."

Fundi alicheka siku ile. "Mama yangu mimi atanijua hata nikivaa gunia. Atanijua kwa miguu."

"Basi lifike miguuni."

Akalishona likafika miguuni. Kitambaa kilikuwa turubai jepesi la rangi ya majivu, kipande kilichobaki baada ya kushona pazia. Alipomaliza alilitundika kwenye msumari karibu na mlango, akarudi nyuma hatua chache kulitazama kama anavyotazama kazi yake yoyote. Lilikuwa limekaa vizuri. Mabega yalikuwa sawa. Halikufanana na nguo ya mtu.

Chumba hicho kilikuwa chini ya jengo la zamani la ofisi, chini ya barabara kabisa, na ili kukifikia ulishuka ngazi za mawe. Asubuhi kilikuwa karakana ya fundi: cherehani, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, mafungu ya vitambaa. Mchana kilikuwa cha mtaa mzima. Jua lilipokaribia utosini siku hizi, hakuna aliyeweza kubaki juu. Mabati yalilia, lami ililainika, na ndege waliokuwa wamesalia walijificha pasipojulikana. Kengele ikipigwa, watu walishuka mmoja mmoja, wakatandika mikeka, wakalala kimya na shuka usoni mpaka jua liinamie upande wa pili. Kabla ya kengele hakuna aliyeruhusiwa kuingia isipokuwa fundi, ili hewa ya baridi isichoke mapema.

Ukutani kulikuwa na kipimajoto cha duara chenye mshale na alama nyekundu. Mshale ukigusa nyekundu, pazia zito la mlangoni liliteremshwa, na aliyekuwa bado ngazini alibaki ngazini. Haikuwa roho mbaya. Mtaa wa pili walikuwa na chumba kama hiki, na watu wake walikuwa wema. Siku moja walikaribishana, wakasogezeana, wakabanana, hawakumwacha mtu nje. Jioni walikutwa wote wamelala vilevile, kwa adabu, shuka zimewafunika nyuso, na hakuna hata mmoja aliyeamka.

Ndipo pazia likawekwa. Wa kwanza kuliteremsha alikuwa mwoka mikate. Alimwacha nje jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Baada ya hapo mwoka mikate hakula, hakulala, akawa anawaamkia watu kwa kusema "ni mimi, ni mimi," mpaka adhuhuri moja akafungua pazia mwenyewe, akapanda ngazi, akatembea katikati ya barabara bila kofia. Hakufika mbali.

Kwa ajili yake Mwalimu alibuni koti. Kila siku nyumba moja ingetoa mtu wa zamu. Mtu huyo angevaa koti, na akishalivaa hakuna kumwita baba, wala dada, wala jirani. Aliyeko nje akiuliza, "Nani kafunga?" jibu lilikuwa neno moja tu: "Zamu."

*

Jioni, joto likipungua, Mwalimu alifundisha watu wazima mlemle chumbani. Fundi alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kusoma sana utotoni, na sasa, nywele zikiwa zimeanza mvi, alikaa mbele kabisa kwenye kigoda cha cherehani, kalamu sikioni, akisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ndugu zake.

"Zamani," Mwalimu alisema, "watu walifundishwa kujiuliza: je, nimefanya nini? Hilo lilikuwa swali la watu wenye nafasi. Dunia ilikuwa na kivuli cha kutosha, na mtu akimwacha mwenzake juani, kweli ni yeye aliyemwacha. Sisi hatuna nafasi hiyo. Sisi tunauliza: je, kimefanyika nini? Walioko ndani wamepona? Wamepona. Basi. Kosa likipewa mwenyewe, mwenyewe anavunjika. Tukiwavunja wote wanaofunga, atabaki nani wa kufunga?"

Hakuwa mtu mkavu. Alipomtaja mwoka mikate sauti yake ilikwama, akajifanya anakohoa.

Fundi aliinua mkono. "Na kosa lisilo na mwenyewe, Mwalimu, linakaa wapi?"

"Halikai popote. Linaisha."

"Kama moshi?"

"Kama moshi."

Mwashi, aliyekaa nyuma, alicheka. "Fundi naye! Unataka tulipangie chumba?"

Wote wakacheka. Mwashi alikuwa na sababu ya kutocheka, lakini alicheka kuliko wote. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yake, na aliyebaki ngazini alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Jioni ile ile mwashi alikula, akasifu chakula, akalala. Dada yake mwenyewe, mjane wa marehemu, alikutana naye asubuhi akamwambia, "Umeamkaje, kaka?" naye akajibu, "Salama tu," wakaanza kuongea habari za bomba lililoziba. Fundi alikuwa amesimama karibu nao. Alitafuta kilio kwenye macho ya yule mjane, hata cha kuficha. Hakukiona. Macho yalikuwa safi kama vyombo vilivyooshwa.

Usiku ule aliwaombea wote wawili, na maombi yenyewe yalimshinda. Hakujua aombe wapewe nini.

Sasa, watu wakiendelea kucheka, fundi aligeuka kulitazama koti. Mkono mmoja ulikuwa umekunjika kwenye kiwiko. Turubai halikunjiki hivyo lenyewe.

*

Mambo mengine hakumwambia mtu. Kwanza, mshale. Ulikuwa unapanda mapema. Shemeji wa mwashi alikuwa amekufa, na wengine kabla yake, na familia ya fundi bomba ilikuwa imehama. Waliolala walikuwa wachache kuliko zamani na mikeka ilibaki imekunjwa pembeni, lakini mshale uligusa nyekundu kabla ya wakati wake, na kila siku mapema kuliko jana. Walisema kipimajoto kimeharibika. Wakaleta kingine. Nacho kikasema vilevile.

Pili, koti lenyewe. Asubuhi moja fundi aliliteremsha alishone, maana lilikuwa limefumuka makwapani. Aliligeuza akaona nyuzi zimekatika kutokea ndani, kama inavyokuwa kwa nguo ya mtoto aliyekua ghafla. Halafu akahisi kwenye viganja. Lilikuwa na joto. Si joto la mchana, kwani chumba bado kilikuwa baridi na mawe yalikuwa na umande. Lilikuwa joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Alilishona haraka, mshono wa mara mbili, akisali kwa sauti ya chini. Alipolirudisha msumarini, msumari uliinama kidogo.

Tatu, pumzi. Mchana, watu wakiwa wamelala, fundi alizijua pumzi zao kama anavyojua cherehani yake. Mwashi alikoroma. Mwalimu alipumua kwa mdomo. Mama yake fundi alipiga miluzi myembamba puani. Na upande wa mlangoni, ambako hakuna aliyelala, kulikuwa na pumzi nyingine, nzito, ya taratibu, iliyojaa.

*

Mama yake fundi aliishi chumba cha mbele juu, ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwembamba, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Siku zote alikuwa wa mwisho kushuka, kwa sababu kengele ikipigwa yeye alianza kusali, na akisali hakimbizwi.

"Mama," fundi alimwambia jioni ile, akimkanda magoti, "kesho shuka mapema. Kengele ikianza tu, uwe mlangoni kwako."

"Nisali kama mtu anayekimbilia basi?"

"Sali ukifika chini. Mungu yuko hata chini."

"Yuko. Ila chini mwashi anakoroma, nami nashindwa kujua nani ananijibu."

Fundi hakucheka. "Mshale unapanda mapema, mama. Jana umeingia, na pazia likakugusa kisogo."

"Nililisikia. Pazia zuri. Nani alilishona?"

"Mama, kesho ni zamu yangu."

Mama aliutazama mkono wa bintiye juu ya goti lake, mkono wenye sugu la mkasi kwenye kidole gumba.

"Basi kesho nikifungiwa nitajua nani kanifungia," alisema.

"Haitakuwa mimi. Itakuwa zamu. Ndiyo tulivyokubaliana, ili tusiharibiane mioyo."

"Zamu sikumzaa mimi," mama alisema. "Zamu sikumnyonyesha. Nikifungiwa na zamu nitamlilia nani? Nitamsamehe nani?" Kisha akaona uso wa bintiye, akalainika. "Haya, haya. Nitakuja mapema. Nitasali nikiwa njiani, kama kuku anayekunywa maji."

*

Kengele ilipigwa. Jua lilikuwa limeshageuza mtaa mzima mweupe. Watu walishuka wakiwa wameshika kofia na shuka, wakipita bila kusukumana. Mwashi alipomfikia fundi akamkonyeza. "Leo wewe ndiye mkubwa wetu. Usitufungie ndani ukasahau ufunguo."

"Pazia halina ufunguo, wewe."

"Ndiyo maana nakuogopa."

Mwalimu alipita, akamgusa bega. "Vaa, fundi. Utaona ni jambo dogo."

Alivaa. Mkasi wake mdogo ulikuwa shingoni kwa kamba, kama kila siku, akausahau mlemle ndani ya koti. Kofia ikateremka mpaka kidevuni, na kupitia kitambaa cheupe chembamba alichokuwa amekiweka mbele ya macho aliiona dunia kama kupitia maziwa.

Alitegemea uzito. Uzito ulikuwapo kweli, mabegani, kama mikono ya mtu aliyesimama nyuma yake. Lakini hakutegemea raha. Koti lilikuwa na uvuguvugu mzuri, na uvuguvugu huo ulimwingia mgongoni, ukamshuka tumboni, na wasiwasi wote wa tangu alfajiri ukalegea kama uzi uliotolewa sindanoni. Alikumbuka kwamba mama yake bado yuko juu. Aliikumbuka habari hiyo kama mtu anavyokumbuka bei ya kitu asichokihitaji.

Mshale ulipanda. Mikeka mingi ilikuwa tupu, hilo aliliona. Mshale ukapanda tu, bila haraka, bila aibu, ukagusa nyekundu.

Mkono wake ukavuta kamba. Pazia likashuka.

Giza lilikuwa tamu. Ikamjia kwamba inafaa asali, kwa mazoea tu, na akaanza moyoni: Mungu wangu, nisamehe. Akakwama. Neno lilikuwa halina pa kushika. Alijaribu tena, na kila alipofika kwenye lile "ni" la "nisamehe" palikuwa na shimo. Hapakuwa na mtu wa kusamehewa. Alikuwa amesali tangu akiwa mtoto wa kubebwa, hata siku za njaa, hata siku aliyomzika mumewe, na hajawahi kufika mlangoni kwa Mungu akakuta yeye mwenyewe hayupo.

Viatu vilisikika ngazini. Kandambili ya kushoto ikiburuzwa, ya kulia ikigonga. Alizijua. Mama alikuwa amekuja mapema kuliko siku zote.

"Nani kafunga?" mama aliuliza nyuma ya pazia, akihema.

Fundi hakufungua kinywa. Sauti ilitoka ndani ya kofia, karibu kabisa na sikio lake, na ilikuwa sauti ya mwashi, na ya mke wa fundi bomba aliyehama, na ya wengine chungu nzima, zote zimekandwa pamoja.

"Zamu," ilisema.

Jua lilisikika nje likifanya kazi yake juu ya mawe.

"Sikukuuliza wewe," mama alisema. "Namuuliza mwanangu."

Fundi akataka kulivua koti. Halikuvuka. Mikono ilikuwa imekaza kwenye viwiko, na kofia imemshika taya kama kiganja. Kila alipovuta, raha ile ilizidi, ikimbembeleza: tulia, jambo dogo, tulia. Alipapasa kifuani akaukuta mkasi. Aliijua nguo hii. Alijua mshono uko wapi, na wapi aliurudia mara mbili. Akaingiza ncha chini ya kidevu, akakata kutokea ndani kwenda chini, na kitambaa kikapasuka kwa sauti iliyowaamsha wote.

"Fundi!" Mwalimu alikuwa ameketi, shuka limemwanguka magotini. "Vaa koti! Utaumia!"

"Niache niumie, Mwalimu!"

Akajichomoa. Hofu yote ikamrudia kwa mkupuo mmoja, akatetemeka mpaka meno yakagongana, na hakuna kitu alichowahi kukishukuru kama hofu ile.

"Ni mimi, mama!" alilia. "Ni mimi nimefunga. Mimi!"

"Nakusikia," mama alisema kwa sauti ndogo sana. "Sasa fungua, mwanangu, magoti yanaungua."

Alinyanyua pazia. Weupe ukaingia kama maji. Mama akapita chini ya mkono wake, na fundi akalikamata lile koti kwa mikono miwili, zito kama maiti, akalitupa nje ngazini. Liliangukia jiwe la juu, likajikunja, likatulia.

Wote waliuona mshale. Ulishuka. Mama alikuwa ameingia na mlango ulikuwa wazi, na bado mshale ulishuka, ukaacha nyekundu mbali. Mjane wa shemeji alikuwa ameketi, mkono mdomoni, na kutoka kwake, baada ya wiki nzima, kilio kikaanza. Mwashi akamgeukia. "Dada," alisema. Akarudia, "Dada," na uso wake ukavunjika.

Wengine wakashuka kutoka mtaani, waliokuwa wamekata tamaa kwenye vivuli vya kuta: muuza mkaa na mkewe, mzee mtengeneza saa, na wengine wengi nyuma yao. Fundi akawapokea. Mikeka ikatandikwa yote. Kisha mshale ukaanza kupanda tena, na safari hii kila mmoja aliona kwa nini. Ulipogusa nyekundu hapakuwa na mkeka uliobaki.

Na ngazini kulikuwa na mtu.

Alikuwa mgeni, mwanamume wa makamo mwenye begi la zana begani, midomo imepasuka. Alisimama jiwe la juu, akatazama chini.

Fundi alishika kamba. Hakuwa na koti. Jua lilimmulika uso wote.

"Kaka," alisema, "pamejaa. Nikikuingiza nitawaua hawa. Nafunga. Mimi ndiye ninayefunga. Ni fundi wa nguo, nakaa humuhumu, huyu ni mama yangu. Nitazame uso, unijue."

Mgeni alimtazama. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma.

Pazia likashuka, na hakuna raha iliyokuja. Fundi alisimama palepale na kiganja kwenye turubai, akisikiliza nyayo zikizunguka juu, zikisimama, zikiburuzwa. Sala ilikuja yenyewe sasa, na kila neno lilikuwa na pa kushika. Baadaye alihisi mtu pembeni yake. Mwalimu alikuwa amesimama, mkono wake nao kwenye pazia, machozi yakimtiririka, bila kujifanya anakohoa.

*

Jua lilipoinama, fundi alitangulia kupanda. Mwalimu alimfuata na chupa ya maji, mgao wake wa siku nzima.

Juu ya ngazi, pembeni ya ukuta, koti lilikuwa limelala barabarani. Halikuwa tupu. Lilikuwa na mabega, na magoti yaliyokunjwa, na kofia ilikuwa imeteremshwa mpaka kidevuni. Watu waliotoka nyuma yao walisimama. Hakuna aliyetaka kulikaribia.

Fundi alipiga magoti. Lami ilimchoma. Alijua ni neno gani ambalo hataweza kulivumilia likitoka chini ya kofia ile.

"Nani?" aliuliza.

Kitambaa kikapanda kidogo, kikashuka.

Aliishika kofia akaifunua. Lilikuwa turubai jepesi tu sasa, limepasuka katikati, halina uzito hata wa shati. Chini yake yule mgeni alikuwa amejikunja kwenye kivuli chake kidogo, begi la zana limemkinga kichwa. Ngozi ya mikono ilikuwa imeiva. Macho yakafunguka taratibu, yakamtafuta, yakampata.

"Wewe ndiye uliyefunga," alisema.

"Ndiyo," fundi akasema. "Mimi."

"Basi nipe maji."